Likizo ya Juni, watoto watatu, ua mmoja mdogo: wacheze nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Tabata, nyumba ya kupanga. Tuko wapangaji wanne na ua wetu ni mmoja, hautoshi hata kuegesha magari mawili. Nina watoto watatu: wa kiume ana miaka 11 na yuko darasa la tano, wa kike ana miaka 8, na wa mwisho, wa kiume pia, ana miaka 3. Mama mkwe tunaishi naye. Likizo ya Juni inakuja na najua itakavyokuwa: simu asubuhi, katuni mchana, ugomvi jioni. Natamani wacheze nje na wajifunze kutengeneza vitu kwa mikono yao. Ninunue nini, na kila mmoja nimpangie michezo gani kwa umri wake? Majirani wote wamewaandikisha watoto tuisheni, naogopa wangu watabaki nyuma. Na mama mkwe anasema kucheza nje ni kuchafua nguo tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la kununua, maana ndilo jepesi: usinunue kitu, angalau kwa wiki ya kwanza. La kumpangia kila mmoja michezo ya umri wake nalo liweke pembeni. Najua ulitegemea orodha. Lakini ukiwaandalia watoto watatu ratiba ya michezo, utakuwa umejipa kazi ya kuwatangazia muda, kuamua kesi na kutafuta la kufuata kila wanapochoka. Ikifika saa nne asubuhi utakuwa hoi, na simu itakuwa imerudi mikononi mwao. Wanachohitaji kutoka kwako ni vifaa vinavyogeuzika, muda usiokatwakatwa, na mtu mzima aliye karibu asiyeingilia. Mchezo wataubuni wenyewe.

Wazo hili lina historia yake. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, kilifunguliwa kiwanja cha watoto huko Emdrup, jijini Copenhagen, ambacho hakikuwa cha bembea na mtelezo kama vingine. Aliyekibuni, msanifu wa bustani Carl Theodor Sørensen, alikuwa ameona kwamba watoto wanavipita viwanja alivyowatengenezea kwa ufundi mkubwa na kwenda kuchezea kwenye nyumba zinazojengwa na kwenye mabaki. Basi akawapa mabaki. Waliletewa mbao, matofali na zana, na akawekwa mtu mzima wa kuwaangalia. Watoto walijenga vibanda, wakachimba, wakabomoa, wakajenga tena. Baada ya vita Lady Allen of Hurtwood kutoka Uingereza alikitembelea na kulipeleka wazo hilo London, kwenye viwanja vilivyoachwa wazi na mabomu. Tokyo nao wana chao, Hanegi, katika wilaya ya Setagaya, tangu mwaka 1979. Naye Simon Nicholson, Mwingereza mwingine, aliandika mwaka 1971 kwamba ubunifu wa watu mahali popote hutegemea wingi na aina ya vitu wanavyoweza kuvishika na kuvigeuza. Mahali ambapo kila kitu kimeshafungwa kwa nati, mbunifu alikuwa yule aliyepafunga. Aliyekuja baadaye hana la kubuni.

Mswahili akisoma haya anaweza kucheka. Gari la waya lenye matairi ya kandambili, mpira wa chandimu uliofungwa kwa kamba, ngalawa ya kifuu kwenye dimbwi la mvua: watoto wetu walikuwa wanafanya hivyo bila kusoma makala ya mtu. Lakini sitaki kukuimbia wimbo wa zamani. Wengi walicheza hivyo kwa sababu hapakuwa na kingine, na kulikuwa na mitaa yenye nafasi ambayo wewe huna. Ninachokwambia ni kwamba njia yenyewe bado inafanya kazi hata kwenye ua wa wapangaji wanne.

Basi vifaa. Pita kwa seremala wa mtaani kwenu umwombe vipande vya mbao; ana rundo lake la kuchomea moto na huenda asikudai chochote. Visugue ncha kwa msasa. Fundi cherehani atakupa mabaki ya vitambaa, mwenye duka la jumla atakupa maboksi, fundi baiskeli atakupa ringi mbovu na tyubu kuukuu, ambayo ukiikata mikanda myembamba inakuwa kamba ya mpira isiyokatika kirahisi. Nyumbani ongeza kanga mbili za kuchakaa, vibanio vya nguo, vifuu, vizibo vya soda, ndoo na makopo ya plastiki. Kama kuna nyumba inajengwa jirani, omba ndoo chache za mchanga. Vyote vikae kwenye mfuko wa salfeti ukutani, upande mmoja wa ua, na usivitoe vyote siku ya kwanza. Kila baada ya siku chache leta kimoja kipya, uone.

Vitu hivi havijaamuliwa viwe nini, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Boksi la friji leo ni daladala, kesho ni duka la dawa, keshokutwa limekatwa madirisha limekuwa nyumba ya bibi harusi. Gari la plastiki la dukani litakuwa gari kuanzia siku ya kwanza hadi litakapovunjika, na aghalabu siku hizo si nyingi.

Muda nao ni nusu ya kazi. Watoto hawaingii mchezoni kama unavyowasha taa. Nusu saa ya mwanzo mara nyingi ni ubishi: nani awe dereva, nani awe konda, sheria ni zipi, aliyevunja sheria afanywe nini. Mtu mzima akipita anaona hawachezi, wanagombana, kwa hiyo anawaita wale chapati, na mchezo unafia hapo. Ubishi ule ndio mtoto wa miaka 8 anajifunza kujenga hoja na kukubali kushindwa. Wape asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano kabla jua halijawa kali, na jioni kuanzia saa kumi hadi magharibi. Ndani ya muda huo usiwatume dukani.

Na mtu mzima. Wewe au mama mkwe mkae kibarazani na kazi zenu, kuchambua mchele, kukatakata mboga. Mnawaona, wanawaona. Siku ya kwanza watakuja kukwambia hawana cha kufanya. Mwambie "sawa", uendelee na mchele wako. Watarudi tena. Sema "sawa" tena. Mzazi wa siku hizi anaona vibaya mtoto akikaa bila shughuli, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa; mimi naona kule kuzubaa ndiko mlango wanaopitia kuingia mchezoni, na tukiwawekea katuni tunaufunga.

Nikuonyeshe kwa kitu kimoja jinsi mambo yanavyokwenda, na nimechagua tiara kwa sababu Juni ni mwezi wa kusi na upepo haulipiwi. Zamani wengi walitengeneza kwa mifuko ya rambo, lakini tangu ipigwe marufuku Juni 2019 tumerudi kwenye gazeti, ambalo ni zuri zaidi kwa kuwa mtoto anaweza kulipima, kulikunja na kulipaka rangi. Unahitaji gazeti, chelewa za makuti, uzi mnene wa kushonea, na uji mzito wa ngano badala ya gundi. Chelewa ombeni kwa bibi. Mkizichomoa kimyakimya kwenye fagio lake mtafukuzwa na mkono wa fagio hilohilo.

Chelewa moja ni nyembamba, kwa hiyo fungeni mbili au tatu pamoja. Ule mti mrefu uwe kama sentimita 60, wa kukingama uwe kama 50, nao ukae robo ya njia kutoka juu. Hapo ndipo mkubwa wako atakapogundua kwamba robo ya 60 si kitu cha kuandika ubaoni, ni mahali pa kufunga uzi. Fungeni msalaba, zungusheni uzi kwenye ncha nne ili kupata umbo, lazeni juu ya gazeti, kateni mkiacha ukingo wa vidole viwili, kunjeni ukingo juu ya uzi na kupaka uji. Acheni ikauke. Wa miaka 3 apake uji, na atapaka pia sakafu, na tumbo lake.

Kisha hatamu: kipande cha uzi kinachofungwa juu na chini ya ule mti mrefu kwa upande wa mbele, kikiwa kimelegea, na uzi wa kurushia unafungwa juu yake, mahali palipo juu kidogo ya msalaba. Halafu mkia wa vipande vya kitambaa, mrefu, kama mita tatu.

Sasa waende kurusha, na wewe unyamaze, maana mara ya kwanza haitaruka. Itazunguka kama feni na kuanguka kichwa chini. Mkubwa atasema upepo mbaya. Wa kike atasema mkia mfupi. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila kinachopimika ni mkia, basi wataongeza kitambaa, na tiara itatulia. Au itatulia lakini ikatae kupanda, ikining'inia tu usawa wa ukuta. Hapo kuna tatizo la hatamu, kifundo cha uzi wa kurushia kisogezwe kidogo juu au chini, tiara irushwe tena. Upepo ukiwa mkali kifundo kinataka kwenda juu, ukiwa dhaifu kinataka kushuka. Usiwaambie hili. Waache walipate kwa kusogeza. Ukiwaona wamekwama kabisa mpaka machozi yanakaribia, uliza swali moja tu: "Mara iliyopita mlibadilisha nini?" Mtoto anayejua kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia kilichotokea ameshika uti wa mgongo wa sayansi yote, na kitabu cha darasa la tano kitamkuta ameshajua kinachozungumzwa.

Tiara isirushwe uani kwenu wala popote penye nyaya za umeme. Watafutieni uwanja wa shule au ufukwe, na ikinasa kwenye waya inaachwa, hakuna kuipanda wala kuivuta kwa mti. Hili si la mjadala.

Uliniuliza umri. Nakuomba usiwatenge. Darasani tunawatenga kwa umri kwa sababu ya mitihani, lakini mchezo unapata nguvu pale wa miaka 11 anapolazimika kueleza sheria mpaka wa miaka 8 azielewe, na wote wawili wakubaliane namna ya kumchukulia mdogo. Watampa cheo cha "anacheza lakini hahesabiwi". Kila mtaa una jina la cheo hicho na kila mdogo anakipenda.

Huyo wa miaka 3 mchezo wake mkubwa ni maji na mchanga. Mpe kopo lenye tundu chini, kopo lisilo na tundu, na kijiko cha zamani. Ataweza kumwaga na kujaza muda mrefu kuliko unavyodhani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anatakiwa kuwa kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku nzima, na asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja. Dakika 180 zinatisha kwa kuzisoma, lakini mtoto anayefuata wenzake uani anazimaliza bila mtu kuhesabu. Kwake yeye ogopa vitu vidogo: gololi, kete, mbegu, vizibo. Wakubwa wakicheza navyo, yeye apewe maji yake upande mwingine.

Wa miaka 8 yuko kwenye umri mtamu. Fundisheni rede kama hawaijui. Wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi iliyojazwa matambara, wa katikati anakwepa mpira huku akijaza chupa mchanga. Akipigwa, ametoka. Ua wenu mdogo unatosha, mpira ni laini hauvunji dirisha la mtu, na yule wa katikati anafanya mambo mawili kwa pamoja, mikono kwenye chupa na macho kwa adui. Kombolela inataka sehemu za kujificha, na kwenye nyumba ya wapangaji maana yake ni kuingia vyumba vya watu, kwa hiyo iwekeeni mipaka au iachieni siku mnapokwenda kwa ndugu wenye shamba.

Wa miaka 11 ndiye atakayekusumbua. Ukimpa michezo ya kitoto atakimbilia simu, na mimi simlaumu. Huyu anataka zana za kweli na kazi ambayo matokeo yake yanaonekana. Mpe nyundo ndogo, koleo la kukatia waya, msumeno mdogo wa mkono, na umwonyeshe mara moja, taratibu, namna ya kushika, wapi pa kuweka mkono mwingine na namna ya kuirudisha zana mahali pake. Kaa naye mara za mwanzo. Kisha mwambie atengeneze gari la waya lenye usukani mrefu unaoshikwa ukiwa umesimama. Asipoonyeshwa, atahangaika na jambo moja: namna ya kuyafanya matairi ya mbele yageuke bila kuchomoka. Ni tatizo zuri. Mtafutie fundi wa baiskeli au kijana mkubwa wa mtaani aliyewahi kutengeneza, ajadiliane naye.

Kazi nyingine ya kumpa huyo ni bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Mwenye nyumba akikubali, yachimbwe ardhini. Asipokubali, chukueni trei mbili za mayai. Trei moja ina vikombe vitano kwa sita. Mwambie mtoto: nataka safu nne za manane kutoka kwenye hizi mbili, zikate. Atakaa nazo, atahesabu, na mwishowe atakata kila moja ibaki nne kwa nne na kuziunganisha. Kete ziwe komwe mkizipata, la sivyo vijiwe. Mwanzo wa mchezo kila upande unaweka kete sita kwenye nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwenye safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia wa nyumba, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Kutoka hapo sitakuandikia, kwa sababu bao halifundishwi kwa maandishi, linafundishwa na mzee anayekucheka ukikosea. Mtaani kwenu hawakosekani, kaa karibu na kijiwe chochote cha kahawa usikilize kete zinavyogonga. Mpeleke kijana wako jioni moja, amkie, aombe kutazama.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye juu ya nguo. Ana hoja; anayefua anajua. Tenga kwa kila mtoto nguo za kuchezea, zile zilizobana na kufifia, zivaliwe asubuhi na kuvuliwa mlangoni. Kisha mwombe akufundishie watoto mdako. Sema kwamba wewe huujui vizuri, hata kama unaujua. Shimo dogo la mchanga au bakuli, vijiwe, na kimoja cha kurusha juu: ukirusha unakomba vijiwe nje ya shimo, unakidaka, ukirusha tena unavirudisha ukibakiza kimoja. Raundi inayofuata unabakiza viwili, kisha vitatu, na mkono hauruhusiwi kukosea idadi wakati jicho liko juu. Anayecheza anakaa chini mkekani, hivyo bibi hahitaji kukimbia, na kwa mkono aliouzoesha tangu utoto atawashinda wajukuu wote watatu kwa siku kadhaa za mwanzo. Bibi aliyeshinda wajukuu wake mdako hasemi tena kwamba mchezo ni kuchafua nguo. Na akizoea kutoka kibarazani, yeye pia ananufaika: kwa watu wa miaka 65 na kuendelea Shirika lilelile la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu na ya kujimudu kusimama siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Kuinama kumwagilia na kutembea uani nyuma ya mjukuu si mazoezi kamili, lakini ni bora kuliko kiti cha sebuleni.

Tuisheni sasa. Nitakujibu kama mwalimu. Kama mwanao ameshindwa kitu mahususi, tuseme hesabu za sehemu au Kiingereza, mtafutie mtu wa kumsaidia kitu hicho, saa moja mara mbili tatu kwa wiki, kisha arudi uani. Kumpeleka tuisheni kutwa kwa sababu jirani kampeleka wake ni kuongeza muhula usiokuwepo, na mtoto atafungua shule akiwa amechoka na kitabu kabla mwalimu hajaingia darasani. Kucheza si fadhila unayompa akibaki na muda: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na inaiweka juu ya mzazi.

Na kuna jambo la macho ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Jijini Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo kwa watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule, na shule nyingine zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopata macho ya kutoona mbali walikuwa karibu 30 kati ya kila 100 kwenye shule zilizoongezewa muda, na karibu 40 kwenye zile nyingine. Dakika 40 tu za mwanga wa nje. Nani atakuuzia miwani kwa bei hiyo?

Hatari zipo, na hapa nakuwa mkali. Kabla ya siku ya kwanza zunguka ua ukiwa umeinama usawa wa macho ya mtoto wa miaka 3. Mfuniko wa karo umekaa sawasawa? Ndoo na mapipa ya maji yamefunikwa? Geti linafungwa kwa juu asipofika mdogo? Chupa zilizovunjika ziondoke. Makopo yaliyokuwa na rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya gari hayaingii kwenye salfeti yenu hata yakioshwa mara saba, wala betri kuukuu. Tairi ni kifaa kizuri lakini likikaa na maji ndani ni kitalu cha mbu wa dengi, wale wanaouma mchana. Dar es Salaam iliwahi kuugua dengi vibaya mwaka 2014 na tena 2019. Litoboe chini matundu kadhaa au lilaze mahali pakavu kila jioni. Mtoto akichomwa na msumari, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha zahanati wamwangalie kuhusu pepopunda siku hiyohiyo.

Ukishaondoa hayo, waachie hatari ndogo zinazoonekana. Kupanda, kuruka, kugonga msumari na kujigonga kidole. Kanuni ninayoitumia ni kwamba mtoto hapandishwi mahali. Akipanda mwenyewe mpaka pale, mara nyingi atajua kushuka. Ukimbeba ukamweka juu, mwili wake haujui umefikaje. Na acha kumwambia "utaanguka". Muulize mguu wako unaofuata unauweka wapi.

Wapangaji wenzako waone kabla hujaanza. Wape saa za kelele, wape ahadi kwamba ifikapo saa kumi na mbili ua umefagiwa na salfeti limerudi ukutani, na waambie watoto wao wanakaribishwa. Ahadi ya kufagia iwe ya watoto, si yako. Siku wakishindwa kuitimiza, salfeti halifunguliwi kesho yake. Hutahitaji kulisema mara nyingi.

Mara moja kwa wiki watoe nje ya mtaa. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, na ni somo zuri la ujenzi kama ukiwaambia kabla kwamba wakirudi watajenga moja kwa vijiti na udongo: wataangalia namna paa lilivyofungwa badala ya kukimbia tu. Coco Beach nendeni siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi hivi na kuacha madimbwi kwenye miamba yenye kaa na samaki wadogo. Hapo ndipo simu ina kazi ya heshima: mkubwa atafute saa za maji kupwa na kujaa. Wavae viatu, wasiondoke na kombe lenye kiumbe hai ndani, na mgeuke kurudi mapema maji yanapoanza kujaa.

Simu nyumbani usiipige marufuku kwa hotuba. Iwe na saa yake, baada ya magharibi, wakishaoga. Wiki ya kwanza watahesabu dakika, na utaona wenyewe wakisahau siku moja moja.

La mwisho ni la kupanda, kwa sababu linataka kuanza mapema. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake cha kutunza, na mimi namuunga mkono hata pale ambapo kitalu ni kopo. Pandeni mchicha Jumamosi ya kwanza ya likizo, kwenye makopo makubwa au salfeti lililokunjwa mdomo, likiwa na matundu chini na udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganyeni na kiganja cha mchanga mkavu kabla ya kunyunyiza, zisirundikane mahali pamoja. Kila mtoto na kopo lake, na jina lake. Baada ya wiki tatu hadi nne mtakuwa mnakula. Msiung'oe, ukateni mkiacha shina la vidole vinne lenye macho, utachipua tena, na huyo wa miaka 3 atakuwa na cha kumwagilia wakubwa wakisharudi shule.